Mashine Mbili, Mto Mmoja

1 Septemba

Leo mashine zimewashwa, yangu na ya Injinia Nohemí, bega kwa bega juu ya meza moja katika stoo ya shule, chini ya kitufe chekundu cha king'ora cha mafuriko. Yangu imeamka kabla sijaondoa kidole. Ya Injinia imeamka kama mwalimu siku ya Jumatatu: imepiga miayo, imetafuta miwani, imeuliza leo tarehe ngapi. Nimemwambia hivyohivyo. Amecheka kidogo, kwa heshima ya ugeni.

Don Abelino, mwenyekiti wa mtaa wetu wa San Crispín, ametangaza masharti mbele ya watu. Vipimo vinne vimefungwa mtoni, kuanzia Daraja la Juu, kilomita thelathini na kitu kutoka hapa, mpaka hapa shuleni. Kila dakika tano kila kipimo kinatuma kimo cha maji ya mto wetu, Ulúa. Programu mbili zinasoma namba zilezile. Injinia, dada aliyetumwa na watu wa mjini, kaandika yake kwa Java. Mimi, Olvin, miaka kumi na tisa, niliyeiacha shule kidato cha tatu kabla haijaniacha yenyewe, nimeandika yangu kwa C++. Zitashindana msimu mzima wa mvua. Tarehe ishirini Novemba mkutano utachagua moja iunganishwe na king'ora, ikipige yenyewe bila kidole cha mtu. Nyingine itazimwa. Na ile redio ya Doña Reinalda, anayetuchungulia mto kule Daraja la Juu kwa macho yake miaka kumi na moja sasa, itachukuliwa ipelekwe mtaa mwingine.

"Mbona ziwe mbili?" mtu kauliza.

"Kwa sababu ile ya mjini ya mwaka juzi ilikufa na mvua ya kwanza," Don Abelino kasema. "Safari hii nataka na ya kwetu. Ikifa, angalau namjua mama wa aliyeiandika, nikamshitaki kwake."

Watu wamecheka. Mama yangu hakucheka.

3 Septemba

Kwa atakayesoma daftari hili nikishakuwa mashuhuri, nieleze kidogo.

Hizi lugha mbili za kompyuta ni ndugu. Kwanza unaandika kiolezo, kama bati la kuokea mikate ya semita, halafu kutoka humo unafyatua vitu: kipimo hiki, kipimo kile, kila kimoja na jina lake na kimo chake. Kiolezo kinaweza kuzaa kiolezo, mtoto akarithi tabia za baba. Mpaka hapo hatugombani. Ugomvi uko kwenye taka. Kila unachofyatua kinakaa ndani ya kumbukumbu ya mashine na kinakula nafasi. Java ina mfagizi. Anapita mwenyewe, akiona kitu ambacho hakuna anayekikumbuka tena anakizoa. C++ haina mfagizi. Ulichofyatua utakitupa mwenyewe. Ndiyo maana ina mbio, haina mtumishi wa kulisha.

"Hii ni lugha ya wanaume," nimemwambia Injinia.

"Wanaume wanaofagia?" kaniuliza. "Nionyeshe huyo mmoja, dogo, nimpeleke kwa mama yangu akamwone."

4 Septemba

Mvua.

5 Septemba

Mvua. Zamu yangu ya kusikiliza redio. Doña Reinalda kasema jino linamuuma, nguruwe wake mkubwa ana mimba, shemeji yake hana adabu, serikali nayo vilevile, na mto uko kwenye rangi ya kijani. Rangi amezipaka mwenyewe kwenye nguzo ya daraja: kijani, njano, nyekundu. Kwake mto ndio neno la mwisho kila siku. Unatafuna maganda yote ndipo ufike kwenye karanga. Nitafurahi siku hiyo redio ikichukuliwa.

9 Septemba

Sitaki kuandika hili lakini daftari ni langu.

Nimefika stoo saa kumi na mbili asubuhi, nimeikuta mashine yangu imekufa. Si imelala. Imekufa kabisa, skrini nyeusi, na ile ya Injinia pembeni inaendelea kama bibi anayefuma. Nilifyatua vitu siku nane, kila dakika tano, sikutupa hata kimoja. Kumbukumbu imejaa mpaka mlangoni, mashine imekosa pa kukanyaga.

Nimeiwasha upya. Hakuna aliyeona. Injinia amekuja saa mbili, kauliza habari za usiku. Nimesema, "Swafi. Yako ilikohoa kidogo, yangu hata mafua haina."

10 Septemba

Nimeiwasha upya tena, kabla haijafa. Nikiiwasha kila asubuhi haitafika siku ya nane. Akili ni nywele.

15 Septemba

Sikukuu ya Uhuru. Ngoma za shule tangu alfajiri, wasichana wanarusha fimbo na kuzidaka, na mimi kabla ya ngoma nimekwenda stoo kuwasha mashine. Wenzangu wameenda kuangalia gwaride mjini. Mimi sikuthubutu kulala huko.

18 Septemba

Kuwasha. Mvua.

22 Septemba

Leo nimemkamata! Saa nne na dakika kumi skrini ya Java imesimama. Nimehesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Halafu ikaendelea.

"Nini hiyo, Injinia?"

"Mfagizi anapita."

"Kwa hiyo mto nao usimame umpishe? Samahani Bwana Ulúa, inua miguu tufagie?"

Hata Don Abelino kacheka, na Don Abelino ni mtu wa kucheka mara mbili kwa mwaka. Injinia kapanga nywele zake nyuma ya sikio. "Mto hauji kwa sekunde nne, Olvin. Unakuja kwa masaa. Sekunde nne hazimzamishi mtu." Kisha kaongeza taratibu, bila kuniangalia: "Kuna vinavyozamisha."

Sijapenda alivyosema hivyo.

30 Septemba

Nimekuta amenitangulia. Saa kumi na mbili kasoro, kakaa kwenye kiti changu, kikombe cha kahawa mkononi.

"Endelea," kasema. "Iwashe. Usinijali."

Nimesimama kama nimeibiwa suruali. Kanieleza kwamba tangu wiki ya pili anaona kwenye mashine yangu saa ya kuwashwa: kila siku kumi na mbili, kumi na mbili, kama kengele ya kanisa.

"Utamwambia Don Abelino?"

"Nimwambie nini? Kwamba mtoto wa watu haogi? Kaa hapa." Na akavuta kiti cha pili. "C++ ni lugha nzuri, inakuamini. Shida ni kwamba inakuamini hata wewe. Kila ulichoomba, rudisha. Tuanze na kipimo."

Tumekaa mpaka saa tano. Kichwa kimepata moto. Mtu aliyemaliza chuo kikuu anajua kufundisha bila kukuonyesha kwamba anakufundisha, na hilo linaudhi zaidi.

4 Oktoba

Siku ya nne bila kuwasha. Inakwenda.

9 Oktoba

Siku ya tisa! Nimelala mpaka saa mbili, mama kadhani naumwa. Sasa natupa kila kitu. Rekodi kuukuu, natupa. Ujumbe uliosomwa, natupa. Kipimo kikinyamaza saa nzima, natupa na chenyewe, kikisema tena kitafyatuliwa kipya. Mashine yangu ndiyo safi kuliko nyumba yoyote San Crispín, na hakuna mfagizi anayelipwa.

11 Oktoba

Injinia aliahidi kuniletea kitabu nyumbani. Amezunguka saa nzima kwenye matope. Watu wamemwelekeza vizuri tu: kutoka ulipokuwa mti wa mkungu, kona mbili kushuka, mpaka lilipokuwa duka la marehemu Don Tulio, halafu mkabala na palipokuwa na kinu.

"Mtaa mzima mnaelekezana kwa vitu vilivyokufa!" kanifokea, viatu mkononi.

"Sisi tunajua vilipokuwa."

"Na mgeni?"

"Mgeni anauliza, Injinia. Una mdomo."

Mama kampa baleada mbili, chapati zetu za maharage, na taulo.

14, 15, 16 Oktoba

Mvua, mvua, mvua. Nguo hazikauki, watu hawaongei. Tunatazama namba. Shule mita mbili, Kinu cha Miwa mbili na nusu, Mto Mdogo moja na sabini, Daraja la Juu tatu, ikapanda tatu na nusu, ikashuka. Kijani yote. Unachoka kuogopa kitu kisichokuja kuliko kukimbia kinachokuja.

21 Oktoba

Doña Reinalda: nguruwe kazaa sita. Amewataja mmoja mmoja kwa majina. Nimekula, nimemaliza kula, bado yuko wa nne.

27 Oktoba

Mto umepanda juzi kidogo, umeshuka. Injinia ameitwa mjini wiki mbili, kuna mtaa mwingine una shida kuliko sisi. Kaniachia mashine yake nisiiguse. Kama ningetaka kuigusa!

Doña Reinalda leo kaongea nusu saa. Jino, tena jino, gogo kubwa limepita likagonga nguzo, nguruwe hawalali, mkwe wake kapiga simu. Nimepunguza sauti nikamwacha amalize mwenyewe.

28 Oktoba

Jana Daraja la Juu lilinyamaza kama saa moja hivi, leo limerudi kwenye mashine yangu, mbili na tano, mbili na kumi, linapumua vizuri. Kwa Injinia limeganda: moja na tisini tangu jana. Nimemwita Don Abelino aone kwa macho yake.

"Hii yako inacheza," kasema.

"Iko hai, Don. Ile ni picha ya ukutani."

Kajikuna kidevu. "Basi tarehe ishirini haina haja ya maneno mengi."

Haina haja ya maneno mengi! Nimeandika sentensi hiyo ili niisome nikizeeka.

2 Novemba

Siku ya wafu. Mama kapeleka maua makaburini, kwa baba pia, mimi nimebaki na namba. Mbili na kumi. Mbili na tano. Ya Injinia: moja na tisini.

4 Novemba

Nimechoka. Macho yana mchanga. Zimebaki siku kumi na sita.

6 Novemba

Naandika juu ya goti. Niandike kabla sijaanza kujidanganya mwenyewe.

Leo jua liliwaka. Jua la kweli, la kwanza baada ya wiki mbili. Mtaa mzima ulianika: magodoro, mashuka, sare za shule, mahindi. Saa saba mchana nilikuwa stoo, miguu mezani. Redio ikalia.

"San Crispín, San Crispín. Huku maji yamepita nyekundu."

Nikatazama skrini. Daraja la Juu, mbili na kumi, kijani. Nikabonyeza redio. "Doña Reinalda, rudia. Mashine inasema mita mbili na sentimita kumi."

"Mashine ipi?"

"Yangu. Na ile nyingine inasema moja na tisini."

"Wewe mtoto, nimesimama kwenye nguzo. Nyekundu siioni. Imemezwa. Mvua ya milimani imeshuka yote leo."

"Huku kuna jua, Doña."

"Nani kakuuliza habari za jua?"

"Labda rangi imefutika."

Nilisikia nyuma yake sauti nzito, kama lori linalorudi nyuma na halifiki. "Olvin," akasema, "mashine yako ina miguu ndani ya maji? Mimi ninayo."

Na bado nikabishana. Sijui kwa nini naandika hili kwa mkono mtulivu. Nilimwambia namba imetulia tangu wiki iliyopita, kwamba mashine mbili zilizoandikwa kwa lugha mbili na watu wawili haziwezi kukosea pamoja, kwamba nikipiga king'ora bure na jua hili watu hawatatoka tena siku ya kweli. Maneno mazuri. Nilikuwa nayo mengi. Nilimshika pale redioni kama karani anayemdai bibi kizee kitambulisho. Nilitaka sana iwe mbili na kumi. Zilikuwa zimebaki siku kumi na nne tu.

Mwisho sauti yake ikabadilika, ikawa ndogo. "Nimewafungulia nguruwe," akasema. "Wote, na wale wadogo. Natoka."

Nilimfahamu mwanamke huyu kwa sauti tu, miezi miwili. Anaweza kusema uongo juu ya shemeji, juu ya jino, juu ya rais wa nchi. Lakini kuwafungulia nguruwe?

Nikabonyeza kitufe chekundu. Sikumuuliza Don Abelino, sikumuuliza mtu.

Watu walitoka wamekunja nyuso. "Jua hili?" "Nani kaguswa na wazimu?" Jirani yetu alikuja na shuka bichi begani akitaka kunichapa nalo. Don Abelino alifika anatweta, akatazama skrini, kijani juu ya kijani, akanitazama mimi. Nikamwambia, "Don, watoe. Ukitaka kunipiga, nipige kesho." Sijui aliona nini usoni kwangu. Aliweka filimbi mdomoni.

Tulipanda barabara kuu, ile ya juu, na vitanda, na kuku, na mitungi ya gesi, na bibi mmoja juu ya mkokoteni wa matofali. Maji yalifika saa tisa na dakika arobaini, yakavuka tuta pale karibu na uwanja, bila kelele, kama mtu aliyeingia kwake. Jua bado linawaka. Saa kumi na moja yalikuwa madirishani. Hakuna mtu wa San Crispín aliyekufa.

Stoo iko juu ya ngazi kumi na mbili, mashine ziko salama. Nimehesabu kutoka kwenye daftari la redio. Nilibishana na Doña Reinalda dakika kumi na moja.

7 Novemba

Barabarani, chini ya nailoni. Redio kimya. Watu wananipiga mgongoni. "Mashine ya Olvin!" Watoto wananiita Injinia. Kuna mwandishi wa habari kaja kupiga picha, mama akanipaka mate kichwani kulaza nywele. Hakuna aliyeniuliza kitu, wote wananieleza mimi jinsi ilivyokuwa: mashine iliona, kijana akapiga. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana.

8 Novemba

Redio kimya.

9 Novemba

Doña Reinalda kapatikana. Alikaa juu ya reli ya daraja siku moja na nusu, amejifunga kwa mshipi wa kitambaa mpaka boti ikaja. Yuko kwa mkwe wake. Nguruwe saba wote wamekwenda na maji. Waliomtoa wanasema angepata nafasi ya kuwapandisha kwenye mwinuko, kama angeanza mapema kidogo tu.

Sijala.

13 Novemba

Maji yameshuka. Matope mpaka magotini na harufu ambayo haina jina. Injinia karudi. Kabla hata ya kumsalimia mama, kanivuta stoo, kafunga mlango.

"Gogo liling'oa kipimo cha Daraja tarehe ishirini na saba," kasema. "Mafundi wamekikuta kilomita nne chini. Tangu siku ile hakijatuma chochote. Sasa niambie, dogo, yako ilikuwa inasoma nini?"

Tumefungua msimbo wa programu yangu. Dakika tatu zilitosha. Kipimo kilinyamaza saa nzima, programu ikakitupa, kama nilivyoiagiza, safi. Lakini ile orodha inayotazamwa na king'ora ilibaki na anwani yake. Nafasi iliyoachwa ikapewa rekodi mpya ya kipimo cha hapa shuleni. Basi mashine ilikwenda kila dakika tano kwenye anwani ya Daraja la Juu, ikabisha hodi, ikafunguliwa na mpangaji mwingine: Shule. Naye akajibu kwa adabu zote, mbili na kumi, mbili na tano. Ndiyo maana ilikuwa inapumua. Ilikuwa pumzi ya mtu mwingine.

"Anwani ya San Crispín hiyo," Injinia kasema. "Palipokuwa na kinu." Hakuwa anacheka.

Nikamgeuzia kibao. "Na yako?"

Akavuta pumzi. Kwake mfagizi hakulizoa Daraja, kwa sababu orodha ilikuwa bado inalikumbuka, na mfagizi hagusi kinachokumbukwa. Marehemu akaachwa amekaa mezani, namba yake ya mwisho mkononi, moja na tisini, rangi ya kijani. "Niliiona imeganda kabla sijaondoka," kasema. "Saa nzima, mita moja na tisini. Nikasema mto umetulia. Nilikuwa nimechoka, Olvin. Nilikuwa na basi la kuwahi."

Kwangu aliyekufa kapewa mpangaji. Kwake aliyekufa hakuzikwa. Miezi miwili mizima tumeshindana nani mjanja!

"Tarehe ishirini wanakuchagua wewe," kasema. "Don Abelino keshaandika muhtasari. Na redio inakwenda."

"Najua."

"Mimi yangu nitaisema. Ya kwako siisemi. Ni ya kwako."

16 Novemba

Koleo. Matope. Nimetafuta namna ya kusema ambayo bado mimi ni shujaa kidogo. Nimepata tatu. Zote mbovu.

20 Novemba

Mkutano, uwanjani, viti vya kanisa. Doña Reinalda alikuja. Mara ya kwanza kumwona: mfupi, shavu limevimba, redio imefungwa kwenye mfuko wa nailoni juu ya mapaja kama mtoto wa kubatizwa. Don Abelino alisoma muhtasari. Kwa kauli moja, programu ya kijana wetu Olvin. Makofi. Doña Reinalda akaanza kufungua mfuko aitoe redio.

Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa kuanza na kiolezo na anwani. Mdomo ukakataa.

"Ilisema kijani," nikasema.

"Sauti!" mtu kapiga kelele.

"Mashine yangu ilisema kijani. Siku ile. Ilikuwa inadanganya kwa zaidi ya wiki nzima, na mimi ndiye niliyeiandika. Doña Reinalda aliniambia, nikabishana naye dakika kumi na moja. Angezipata hizo dakika, nguruwe wake wangekuwepo."

Injinia akasimama pembeni yangu. "Na yangu ilikuwa inadanganya pia. Kwa namna nyingine."

Halafu jirani wa shuka: "Kwa hiyo ulipiga king'ora kwa kuangalia nini?"

"Nguruwe," nikasema. "Aliposema amewafungulia."

Wengine walicheka, cheko la kuchoka. Wengine hawakucheka, na mmoja alisema wazi kwamba watoto wake wanne walilala nyumba ya kwanza kando ya tuta wiki nzima kwa sababu nilimwambia mashine iko hai. Kamwita mama yangu kwa jina na kumuuliza kama alikuwa anajua. Hilo ndilo lililouma.

Don Abelino kamgeukia Doña Reinalda. "Mama, una neno?"

"Ninalo," akasema, mkono kwenye shavu. "Huyu mtoto nikimwambia maji, ananijibu namba. Anayo masikio, hana wakati. Redio sitoi. Na nguruwe wangu walikuwa saba, si 'nguruwe' tu. Mkubwa alikuwa Carmelita." Akafunga mfuko wake tena, akaketi.

Hakuna iliyochaguliwa. Redio imebaki. Kitufe kimebaki cha kidole. Mashine tumepewa siku chache tuzirekebishe, au zitolewe zote mbili stoo iwekwe madaftari. Wakati wa kuondoka nilimwendea Doña Reinalda nikamwomba radhi. Kanitazama juu mpaka chini. "Nilidhani u mrefu," kasema. Basi.

22 Novemba

Watu hawanisalimii wote. Wanaonisalimia wananiuliza habari za nguruwe.

24 Novemba

Tumemaliza. Kitu chenyewe ni kidogo hata aibu: kipimo kisiposikika robo saa, programu isitoe namba. Isitoe ya zamani, isitoe ya jirani. Skrini igeuke nyekundu na iandike neno moja. Kwa C++ nimetumia mistari mitano, kwa Java yeye katumia tisa. Nimemwambia. Kanijibu kwamba mistari yangu mitano ameikagua mara nne, yake nimeikagua mara moja. Mdomo haukosi.

Mchana tumemwita Don Abelino, tukachomoa waya wa kipimo cha shule mbele ya macho yake, tukangoja. Robo saa ni ndefu mkiwa watu watatu mnaotazama ukuta. Halafu skrini zote mbili, pamoja, yangu ikitangulia kwa kope moja: SIJUI.

Akazitazama. Akasogea karibu, akarudi nyuma mpaka mlangoni, akakunja macho.

"Miezi mitatu," kasema. "Mainjinia wawili, umeme wa shule, ili mashine ije kuniambia haijui?"

"Ndiyo, Don."

Akavua kofia, akajifuta paji la uso, akaivaa tena. Nilingoja neno la kutoa mashine nje.

"Basi iandikeni kubwa zaidi," kasema. "Nikiwa mlangoni siioni."

Tumeiandika kubwa zaidi.